Bastola za Mti

Baba hakuwahi kumiliki bunduki maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa mtaa wetu wa Jericho wakinikuta sokoni hupunguza sauti na kuniuliza kama ni kweli mzee alikuwa akiziweka nyumbani. Hakuwa akiziweka. Hata panya alimfukuza kwa ufagio, tena kwa kumbembeleza. Baba alikuwa fundi wa ngozi pale soko la Kariokor, Nairobi, na mbali na mikanda na mikoba, kazi iliyotulisha na kutusomesha ilikuwa kushona ala za bastola, yaani ile mifuko ya ngozi ambayo mwenye bastola huivaa kiunoni chini ya koti.

Msidhani wateja wake walikuwa majambazi. Jambazi hashonewi ala. Jambazi huchomeka kitu chake ndani ya suruali na kumwomba Mungu kisilipuke. Wateja wa Baba walikuwa watu wa leseni: mwenye bucha, mwanajeshi mstaafu, wenye maduka ya jumla wanaobeba mauzo kwenda benki, na mmoja mwenye duka la simiti na misumari hapa hapa Jericho, ambaye alikuwa akila pilau kwetu kila Idd ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Mteja akija kwa mara ya kwanza, Baba alimwambia, "Cheti kwanza, ngozi baadaye." Aliangalia picha, akaangalia muhuri, akaangalia tarehe kama haijapita. Jina hakulisoma. Pale Kariokor jina la mteja ni mali ya mteja, na fundi hulitazama pembeni kama anavyotazama pembeni mke wa mtu.

Ala nzuri haishonwi hivi hivi. Ngozi hulowekwa mpaka ilegee, halafu hubanwa juu ya bastola yenyewe na kuachwa hapo ikauke, ili ikikauka iwe imeshika kila kona. Sasa sheria haimruhusu mtu kumwachia fundi bastola yake, na hata ingemruhusu, nani mwenye akili timamu ataiacha Kariokor? Kwa hiyo Baba alikuwa na njia yake. Mteja alitoa risasi zote, akailaza bastola juu ya karatasi ya kaki, Baba akaizungushia penseli na kupima unene wake kwa uzi. Mteja akaenda zake na chuma chake. Baba naye akachukua kipande cha mbao kutoka kwa maseremala wa jirani, akachonga bastola ya mti iliyolingana na ile ya kweli kwa umbo na ukubwa, isipokuwa haikuwa na tundu wala kitu cha kusogea. Mwisho aliisugua nta na rangi nyeusi ya viatu ili ngozi mbichi isigandamane nayo.

Aliziita kalibu. Kila moja aliichoma alama kwenye mshikio kwa msumari wa moto: pembe kwa mwenye bucha, nyota kwa mwanajeshi, nyundo kwa mwenye simiti. Mteja akirudi baada ya miaka, ala imechakaa, Baba hakuhitaji kuiona tena bastola. Alishusha kalibu ya mtu huyo kutoka ukutani, nyuma ya pazia, akaanza kazi. Mimi nilizipenda sana zile kalibu. Zilikuwa laini kama mwiko uliosonga ugali miaka mingi, na zilinukia kiwanda chake chote, nta na ngozi na jasho lake.

Mwaka jana serikali ikatangaza kwamba kila mwenye bastola aende akahakikiwe upya: alama za vidole, picha, maswali, kadi mpya. Maduka yanayouza silaha nayo yakaambiwa yalete kumbukumbu zao za mauzo, zote ziingizwe kwenye kompyuta moja. Habari hiyo ilipotoka redioni, kibanda cha Baba kiligeuka baraza. Watu ambao kwa kawaida walikuja mmoja mmoja, kimya kimya, sasa walikuja wakiwa wamefura.

"Hiyo orodha itauzwa," alisema mwenye bucha. "Karani mmoja tu apewe chai, vijana wa kupora watajua mpaka rangi ya mlango wangu."

"Kwanza wanakuhesabu, halafu wanakunyang'anya," alisema mwanajeshi mstaafu. "Waulize wafugaji waliopokonywa bunduki zao."

Mwenye simiti ndiye aliyeogopa kuliko wote. Alikuwa amejenga ghorofa za kupangisha kule Kware, ambako nyumba zimepandana hadi jua halifiki chini. "Mimi wapangaji wangu hawajui niko na kitu," alisema. "Siku wakijua, sitalala tena. Watakuja kuichukua hiyo bastola, na watanitoa roho wakiichukua."

Sikuwacheka, na sitawacheka leo. Nairobi hii siri huvuja kuliko mabomba ya maji. Nilikuwa nimempelekea Baba chakula siku hiyo, nikasimama nikiwasikiliza, nikaona hofu yao ina miguu na mikono. Baba alikuwa akishona tu. Walipoondoka ndipo aliponiambia, bila kuinua macho, "Hawa hawajawahi kukosa kuandikwa, mwanangu. Ndiyo maana wanaogopa kuandikwa."

Ili mtu ayaelewe maneno hayo, lazima ajue kitambulisho cha Baba kilivyopatikana. Sisi ni Waswahili, watu wa asili ya pwani waliochanganyika hapa Nairobi tangu enzi za babu, na mtu mwenye jina kama letu akienda kuomba kitambulisho huulizwa mambo ambayo jirani yake haulizwi. Babu yako alizaliwa wapi? Leta cheti chake. Leta wazee waje wakuapie. Rudi Alhamisi. Baba alirudi Alhamisi nyingi mno. Ujana wake ulipita hana karatasi, na kila askari aliyemsimamisha barabarani alikuwa na haki ya kumlaza ndani, naye alilala ndani mara kwa mara kwa kosa la kutokuwa mtu. Alipokipata hatimaye, tayari alikuwa na mke na mtoto, na mtoto huyo ni mimi. Tangu hapo aliamini jambo moja kwa imani ya mtu anayeswali: balaa humwinda asiyeandikwa. Ukishaandikwa, umepona.

Mimi nina saiba ndogo karibu na soko la Jericho, chumba cha kompyuta ambako watu huja kujaziwa fomu za serikali. Fomu nazijua. Kwa hiyo Baba alipokuja jioni moja akaniuliza fundi wa ala anajiandikisha wapi, nilimfungulia tovuti mbele ya macho yake. Kulikuwa na sehemu ya mwenye bastola, sehemu ya muuzaji, sehemu ya kampuni ya ulinzi. Fundi wa ala hakuwa na sehemu.

"Hakuna kisanduku chako, Baba," nikamwambia. "Serikali haikutaki. Furahi."

"Hakuna kisanduku kwa sababu hawajui kama nipo."

"Basi wasijue!"

"Wataingia kwenye vitabu vya mauzo, watamfikia kila mteja wangu, kila mteja ataulizwa ala alishonewa na nani. Siku hiyo watanikuta nina bastola za mti ukutani na sijaandikwa popote. Utawaambia nini?" Alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Nitakwenda mwenyewe wanione. Na kalibu nitakwenda nazo, wazione, wajue sifichi kitu."

Nilimwambia asizibebe. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia kupitia kwa Mama, ambaye naye alimwambia huku akikuna nazi na kumtupia jicho. Nilijitolea kuzipiga picha kwa simu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Picha?" akasema. "Walikubali picha ya babu yangu? Walitaka cheti chenyewe, mkononi."

Basi nikafunga saiba nikamsindikiza. Alivaa kanzu nyeupe, koti la kijivu na kofia yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatatu. Kalibu alikuwa amezifunga kwa magazeti moja moja, akazipanga ndani ya kiondo cha Mama, na juu yake akaweka ala moja mpya kabisa, ya mfano, imeng'aa. Mlangoni mwa ofisi ya leseni za silaha palikuwa na mashine ya kukagua chuma. Baba akapita, nayo ikanyamaza, kwa sababu mti haulii. Askari akafungua kiondo, akaona ile ala juu, akaipapasa, akasema, "Mzee, hii ni kazi safi," akaturuhusu. Baba akatabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kufikiri labda mzee ana haki na mimi ndiye mwenye moyo mbaya.

Ndani palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuhakikiwa, wanaume waliovalia vizuri, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Tulipofika mbele, Baba alimsalimia afisa kwa heshima na kumweleza kwamba yeye hana bastola, ila ni fundi wa ala, na amekuja kuandikwa. Afisa hakuelewa. Alisema, "Mzee, kama huna silaha unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja na kazi yangu muione," akasema Baba, akaanza kuzitoa. Alifungua gazeti la kwanza, akailaza kalibu juu ya kaunta. Akafungua la pili. Alikuwa akizipanga kwa utaratibu, mishikio upande mmoja, kama anavyozipanga kibandani.

Kilichofuata kilikwenda haraka kuliko ninavyoweza kukiandika. Mwanamke fulani nyuma yetu alipiga yowe. Afisa alirudi nyuma akaangusha kiti. Mtu akapaza sauti, "Chini! Wote chini!" na wale wanaume waliovalia vizuri wakalala sakafuni na suti zao. Mimi nililala pia. Nilipoinua kichwa nilimwona Baba amesimama peke yake, mikono juu, gazeti bado limo katika mkono mmoja, akisema kwa sauti ile ile ya heshima, "Ni mti, wanangu. Ni mti tu. Zigongeni mtasikia."

Walipozigonga na kusikia, walizidi kukasirika. Mtu akiogopa kitu kisha akagundua ni mbao, hamsamehi aliyemwogopesha. Walituingiza chumba cha nyuma, na afisa mwingine, mkubwa zaidi, akazipanga zile kalibu mezani akituuliza ni za nini. Baba akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, maji, ngozi, nta. Yule mkubwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, wiki iliyopita tu tumeshika kijana amepora duka zima na bastola ya mti," akasema. "Mbaya kuliko hizi. Hizi zako hata mimi zingenitoa mbio. Sasa utaniambia nikuamini kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuja mwenyewe."

"Hizi alama ni za nini?"

"Ni za wateja."

"Majina yao?"

"Majina siyajui. Na hao nyinyi mnao tayari, wana leseni. Mimi nataka mniandike mimi."

Yule mkubwa akanigeukia. "Na wewe madam? Unawajua hawa watu?"

Nilitazama mezani, nikaiona nyundo. Ningeweza kumtaja mwenye simiti pale pale, na duka lake, na pilau ya Idd. Baba alitikisa kichwa, kidogo tu, na mimi ni mtoto wake. Nikasema siwajui. Mimi waliniambia niende nyumbani, yeye wakabaki naye.

Siku iliyofuata walimfikisha mahakamani, wakaomba waendelee kumzuilia wakifanya uchunguzi, wakakubaliwa. Watu wa msikiti walitutafutia wakili, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake lakini mwenye akili nzuri. Alinieleza mambo kwa lugha nyepesi. Kosa lenyewe, akasema, ni kupatikana na vitu vinavyofanana na silaha bila idhini, na siku hizi hakuna hakimu anayetaka kuonekana mlegevu kwa mambo ya silaha. Mzee anaweza kufungwa.

"Lakini kuna njia rahisi," akasema. "Niletee mteja mmoja. Mmoja tu, mwenye leseni halali. Aandike kwamba ile kalibu ilichongwa kwa ajili ya ala ya bastola yake. Bastola ipimwe mbele yao, ilingane na ule mti. Nikiwa na hilo, hata mwendesha mashtaka ataona aibu kuendelea."

Mmoja tu. Nilitoka pale karibu nikimbie. Wateja walikuwa wengi, wote watu wazima, wote na vyeti vyao, wote wakimwita fundi wetu, fundi wetu. Nilianza na mwenye bucha. Aliponiona mlangoni aliingia chumba cha nyama na kijana wake akaniambia tajiri amesafiri, na mimi nilikuwa nikiviona viatu vyake chini ya pazia la mnyororo. Mwanajeshi mstaafu alipokea simu, akanisikiliza, akasema mtandao ni mbaya, na tangu hapo simu yake haikupatikana tena. Wengine sikujua waliko, kwa kuwa Baba hakuwahi kuniambia.

Huko mtaani habari ilikuwa imekwishavaa nguo nyingine. Kijana mmoja aliingia saiba kuchapisha barua akaniambia, "Niaje madam. Nimeskia buda alishikwa na machuma noma."

"Ni mbao," nikamjibu.

"Sawa, madam. Ni mbao." Akanikonyeza.

Akabaki mwenye simiti. Nilikuwa nimemwacha mwisho kwa sababu nilimtegemea, na mtu hukiacha mwisho kile anachokitegemea. Nilimkuta dukani kwake, nyuma ya magunia, akapangusa jasho, akatoa stuli akaniketisha. Aliniagizia soda. Aliniuliza hali ya Mama. Nilimweleza alichosema wakili, na muda wote huo alikuwa akitikisa kichwa kwa uchungu, uchungu wa kweli, siwezi kumsingizia.

"Msichana wangu," akasema, "baba yako ni mtu wa Mungu. Mimi nakuambia, huyo mzee hana makosa."

"Basi njoo uwaambie."

Lori la mchanga lilikuwa linapakua nje, naye akalisubiri limalize.

"Jina langu limeingia kwenye kompyuta yao, sina la kufanya," akasema mwishowe. "Hiyo ni orodha moja. Nikija kortini itakuwa ya pili, na ya kortini inasomwa kwa sauti. Pale nje kunakaa watu wa kila aina, wanasikiliza. Watasikia, fulani wa simiti, wa Jericho, ana ghorofa Kware, ana bastola ya aina hii. Kabla sijafika nyumbani watakuwa wamenifikia."

"Baba amekataa kukutaja," nikasema. "Alama yako iko pale mezani. Wamemuuliza, amekataa."

"Najua. Nimesikia." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwambie Mungu atamlipa."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri, ya Kiswahili safi, yenye vina. Lakini nilimtazama mzee yule na mikono yake yenye vumbi la simiti, nikaona kwamba anaogopa kweli, na kwamba mtu akiogopa kiasi kile hata ukimpiga hatasogea. Sikuwa na cha kumtishia. Sikuwa na cha kumpa. Soda ilikuwa imefunguliwa na sikuinywa, nikaondoka.

Siku moja kabla ya kusomewa mashtaka, waliniruhusu kumwona Baba kituoni, mimi na wakili. Alikuwa amekonda shingo. Aliuliza kama ngozi aliyoiloweka kuna mtu aliyeitoa majini, maana itaoza. Nilimwambia niliitoa. Wakili akamweleza: kesho karani atasoma shtaka, kisha atamuuliza ni kweli au si kweli. Aseme si kweli. Hayo tu. Akisema si kweli kesi itaendelea, ataomba dhamana atoke, na huko mbele atapata nafasi ya kueleza yote.

"Shtaka linasemaje?" akauliza Baba.

Wakili akamsomea. Alipatikana na vitu vinavyofanana na bastola, bila idhini.

"Vitu hivyo ni vya nani?"

"Ni vyako, mzee, lakini..."

"Havifanani na bastola?"

"Vinafanana."

"Nilikuwa na idhini?"

"Baba!" nikasema. "Usianze. Ni neno tu. Kila mtu hulisema. Hata aliyeua mchana kweupe husema si kweli, ndiyo sheria yao ilivyo."

"Kwa hiyo nisimame mbele ya watu niikane kazi ya mikono yangu," akasema, bila hasira, kama anayetaka kuhakikisha ameelewa. "Halafu baadaye niape kwa Mwenyezi Mungu kwamba ni yangu. Watasema nilidanganya lini, mwanzo au mwisho?"

Nililia pale pale, nikimshika vidole kati ya nondo. Nilimwomba kwa jina la Mama. Nilimwomba kwa jina la wajukuu. Akaniambia nisilie, akasema ataona kesho Mungu atamtia neno gani mdomoni. Wakili tulipotoka aliniambia usijali, wazee wote husema hivyo, kizimbani husema si kweli. Nilimshukuru, lakini sikumwamini, kwa sababu yeye alikuwa na siku chache na Baba na mimi nina maisha yangu yote.

Mahakamani nilikaa na Mama benchi la pili. Nilitazama nyuma kila mlango ulipolia. Hakuna aliyekuja. Zile kalibu zilikuwa mezani mbele ya hakimu, kila moja katika mfuko wake wa plastiki, kila moja na kikaratasi chenye namba. Baba alipopandishwa kizimbani hakututafuta sisi kwanza. Alizitazama zile kalibu, akiinamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akitazama kazi kabla ya kumkabidhi mtu.

Karani akasoma, kwa Kiswahili chepesi, kila neno likasikika. Akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," akasema Baba. "Nilikwenda kuiomba hiyo idhini."

Wakili alikuwa amekwisharuka juu. Alimwomba hakimu radhi, akasema mteja wake ni mzee, hakulielewa swali, anaomba asomewe tena. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa makamo, macho yamechoka, na faili zilikuwa zimejaa mbele yake. Aliweka kalamu chini, akamwambia Baba kwa sauti ya taratibu, "Mzee wangu, wakili anasema hukuelewa. Nataka nijue. Ulielewa?"

Nilishika mkono wa Mama. Moyoni nilisema, sema hukuelewa, Baba, hilo nalo ni neno dogo, liseme hilo tu.

"Nilielewa, mheshimiwa," akasema Baba.

Hakimu akaandika. Baadaye akamuuliza kama ana lolote la kujitetea kabla ya kupewa adhabu. Wakili alikuwa ameandika kikaratasi kizima cha maneno ya kujitetea, umri, maradhi ya presha, mke, kwamba hajawahi kukosea. Baba alinyoosha kidole mezani.

"Ile ya tatu imepasuka," akasema. "Hapo kwenye mshikio. Haikuwa imepasuka nilipoileta."

Watu wengine walicheka. Hakimu akawanyamazisha. Alimfunga mwaka mmoja, na alipokuwa akisema hivyo alitazama faili, hakumtazama Baba. Wakili anasema tutakata rufaa. Anasema hivyo kila nikienda kwake, na sina sababu ya kumshuku, ila rufaa nayo ina foleni yake na sisi tuko mkiani.

Wiki ile ile, asubuhi, Mama alifungua mlango akakuta gunia la mchele, mafuta na sukari vimepangwa kizingitini. Hapakuwa na barua wala salamu. Hapakuwa na jina. Gunia lilikuwa limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, ule wanaouuza kwenye maduka ya ujenzi, na kwenye kitambaa chake palikuwa na vumbi la kijivu. Nilitaka kuvirudisha. Nilitaka kuvibeba mpaka pale dukani na kuvimwaga mbele ya wanunuzi wake wote. Mama akaniuliza nitathibitishaje kwamba ni yeye aliyevileta, na akikana nitafanya nini.

Kisha akaukata waya kwa kisu, akapepeta mchele, akauteleka jikoni, na mchana tukaula.